Upande wa Nne wa Shuka

Harufu ya wanga wa muhogo chini ya pasi ya makaa ni harufu ya kitu kinachotaka kuungua lakini hakiungui. Kama ulikulia Butembo miaka yetu ile, unaijua. Mimi ilinishika tena juzi, siku chache baada ya matanga ya mama, dada yangu Masika alipofika kutoka Kayna, alikoolewa, na kufungua mfuko wake juu ya kitanda. Ndani mlikuwa na shuka yake ya arusi. Alikuwa ameifua, ameitia wanga, ameipiga pasi vile mama alivyotufundisha. Alipoikunjua chumba kilijaa ile harufu, na mimi nikawa mtoto tena, nimekaa juu ya kigoda, uso umevimba kwa wivu.

Nieleze kwanza pindo la shuka hiyo, kwa sababu bila pindo hutaelewa wivu. Ni mshono wa ukingoni mwa kitambaa. Masista wa foyer, pale wasichana walipojifunza kushona, waliuita feston. Mama aliuita lupango, yaani ua wa nyumba, na jina lake lilikuwa zuri kuliko lao. Unageuza kitambaa ukingo ukuelekee. Unachoma sindano juu kidogo, upana wa ukucha kutoka ukingoni, unaitokeza chini ya ukingo, na kabla ya kuivuta unahakikisha uzi umelala nyuma ya ncha yake kama kitanzi. Ukivuta, uzi unajikamata wenyewe: mguu mmoja unasimama juu ya kitambaa, na kamba inalala ukingoni. Unasogea, unachoma tena. Miguu ikisimama sawa na kamba ikilala bila kukazwa, unapata ua wa matete uliofungwa vizuri, na nyuzi za kitambaa haziwezi tena kutoroka. Ukijaribu na ukapata meno ya panya, usivunjike moyo. Kila mtu huanza na meno ya panya.

Katika ukoo wetu msichana hakwenda kwa mumewe bila shuka iliyojengewa lupango pande zote nne. Upande wa kwanza ulishonwa na bibi-arusi mwenyewe, wa pili na mama yake, wa tatu na shangazi, na wa nne na mdogo wake wa kike. Siku ya kuipokea, wanawake wa upande wa mume hawakuangalia uso wa shuka. Waliigeuza, wakaangalia mgongo. Uso wa shuka, walisema, hata mvivu anaupamba. Mgongoni ndiko walikotafuta mafundo, nyuzi zilizorukwa, mahali ambapo mtu alichoka na mwingine akaendelea.

Mdogo wa kike wa Masika nilikuwa mimi. Upande wa nne ulikuwa wangu tangu nilipozaliwa, na nilisubiri kuushona kama watoto wengine wanavyosubiri viatu vya Noeli.

Tulikaa Rughenda, karibu na uwanja wa ndege. Ndege ndogo zilipotua, mbuzi walikimbia, watoto walipiga kelele, na kila mtu aliinua kichwa isipokuwa mama. Yeye alikuwa anashona. "Inaenda kwao," alisema, bila kuondoa macho kwenye sindano. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Labda ndiyo sababu mimi nimekuwa mtu wa kueleza mno.

Alipoanza kunifundisha, nilikaa kando yake juu ya benchi la barazani, paja langu likigusa paja lake, kitenge chake kimefunika magoti yetu wawili kwa sababu ya ukungu. Alishona polepole ili nione. Mimi nikaiga. Lakini sindano ilikuwa imeingia katika mkono wangu wa kushoto yenyewe. Shuleni mwalimu alikuwa amekwisha kuufukuza mkono huo kwenye kalamu kwa fimbo. Mezani shangazi aliufukuza kwenye sahani ya fufu. Kwenye sindano hakuna aliyekuwa ameufukuza bado. Nilichoma pale alipochoma mama, na kitanzi kikageuka, uzi ukajisokota, miguu ikalala chini kama walevi. Nikafumua, nikarudia. Walevi tena.

Mama aliniangalia kwa muda. Kisha akasimama, akachukua kigoda cha jikoni, akakiweka upande wa pili wa baraza, mbele yake kabisa.

"Kahindo, ikala kule."

"Ju ya nini, mama?"

"Ikala tu."

Nilikaa. Upepo wa uwanja ulinipiga mgongoni. Kitenge kilibaki kwake.

Huenda ningelisahau jambo hilo kama lile benchi lingebaki tupu. Lakini katika nyumba ndogo ya lupango letu walikuwa wamehamia wapangaji, mtumishi wa serikali aliyetumwa kutoka Kinshasa kwenye bureau moja ya mjini, pamoja na binti yake wa umri wangu aliyeitwa Bijou. Mama yake alibaki Kinshasa na mtoto mchanga. Bijou alikuwa na Kilingala kingi, Kifaransa cha kutosha, na Kiswahili cha kuokota njiani. Kila asubuhi alitoka nje na blanketi kichwani, akilalamika, "Huku ni frigo! Batu ba Butembo, munaishi ndani ya frigo!"

Alituona tunashona, akaja kusimama kwenye nguzo ya baraza. Siku ya kwanza alisimama tu. Siku ya pili mama alipigapiga benchi kwa kiganja, pale pale nilipokuwa nimekaa mimi.

"Kuya, mwana wangu. Usisimame sawa askari."

Mwana wangu! Akaketi. Mama akamfunika magoti na kile kitenge. Akampa kipande cha kitambaa kilichobaki, akamwekea sindano katika mkono wa kuume, kisha akauweka mkono wake mwenyewe juu ya ule mkono, na ile mikono miwili ikashona kama mmoja: ikachoma, ikatokeza, ikavuta.

Sijui kama wewe msomaji umewahi kuona mkono wa mama yako juu ya mkono wa mtoto mwingine. Kwangu wivu ulianza tumboni, kama kumeza fufu bila mchuzi, ukapanda hadi masikioni. Niliinamisha kichwa juu ya kitambaa changu, lakini macho yalikuwa yananitoroka. Niliona kila kitu. Niliona mama anavyompulizia Bijou kidole kilichochomwa. Niliona anavyomwazima ile kofia yake ndogo ya chuma ya kidoleni, iliyokuwa ya marehemu bibi, ambayo mimi niliruhusiwa tu kuisugua kwa majivu. Bijou alionyesha meno yake ya panya akisema, "Mama, tala! Yangu iko bien?" Na mama, ambaye kwetu alikuwa na neno "fumua" na neno "rudia", alijibu, "Iko bien. Malembe tu, malembe."

Malembe, yaani polepole! Mama alikuwa amejifunza Kilingala kwa ajili yake. Kwa ajili yangu hakuwa amejifunza hata kuniambia kwa nini nimekaa kule.

Nilifanya kila linalofanywa na mtoto mwenye wivu. Niliwahi benchi mapema nikitoka shuleni, bado na sare. Mama alifika, akanitazama, akaonyesha kigoda kwa kidevu. Nilisema nasikia baridi. Akanirushia sweta. Nilisema sioni vizuri kutoka kule. Akasogeza benchi lake mbele kidogo hadi magoti yake yakakaribia yangu, Bijou naye akasogea pamoja nalo, kama mkia.

"Uko na jalousie?" Bijou aliniuliza siku moja tukiteka maji. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza kama una njaa.

"Kwa Kiswahili inaitwa wivu," nikamwambia. "Na hapana, sina."

"Wivu," akarudia, akilionja. "Wivu. Ni neno muzuri."

Sababu ya kuwekwa kule niliipata kwa shangazi, au nilifikiri nimeipata. Alikuja kumaliza upande wake wa tatu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kilimani, akaniona na sindano.

"Nyamuhanga, Mungu wetu! Huyu bado anashona na kushoto? Bakwe ba Kayna batasema nini? Shuka ya bukwe hapana kuguswa na kushoto."

Mama alikata uzi kwa meno. Na mimi, nikiwa nimekaa kule peke yangu na upepo, nikaunganisha mambo yangu. Kumbe ndiyo hiyo. Mkono wangu ni mkono wa aibu, na mama ananiweka mbali ili usiguse wake. Anamfundisha Bijou ili Bijou ashone upande wangu. Kwa akili ya mtoto hesabu hiyo ilikuwa imekamilika, haikubaki hata moja. Tangu siku hiyo nilishona kwa hasira, na nikwambie ukweli, hasira si mwalimu mbaya. Nilikaza macho kwenye mikono ya mama iliyokuwa mbele yangu, nikafanya kila ilichofanya, ili siku watakapompa Bijou upande wa nne wote wajue wamempa nani na wamemnyima nani. Miguu ilisimama. Kamba ililala. Hata sikujiuliza kwa nini, nikiwa kule, sindano iliniheshimu.

Kisha dereva wa lori la viazi akaleta ujumbe kutoka Kayna. Babu wa bwana-arusi amelala mgonjwa, anataka kumwona bibi-arusi angali hai. Bakwe hawatangoja tena mavuno ya maharagwe. Wanafika Jumamosi hii.

Pande tatu zilikuwa tayari. Wa nne ulikuwa bado uchi.

Walikutana barazani mchana huo, mama, shangazi na Masika, na shuka katikati yao kama mgonjwa. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu. Bijou alikuwa kwenye benchi langu.

"Mutoto moja hawezi kumaliza upande mzima mbele ya Jumamosi," shangazi alisema. "Mupe huyu wa Kin, weye na yeye mushone pamoja. Eko na mukono ya malaika."

Masika alisema, "Lakini shangazi, upande wa nne ni wa Kahindo."

"Kahindo ni wa kushoto! Unataka bakurudishe kwenye lori ya viazi?"

Nilimwangalia mama. Sijawahi kumwangalia mtu vile tena maishani. Yeye aliichukua shuka, akaigeuza huku na huku, akampa Bijou kona ya kushoto. Bijou, ambaye sasa alishona vizuri kama Masika, akashika sindano. Mama akatazama katikati ya ukingo, pale ambapo yeye mwenyewe angeanzia. Akapaweka kidole. Akatingisha kichwa.

"Hapana," alisema. "Sisi wote tunaendaka upande moja. Mimi nitaanzia hapa katikati, yeye atanikuta nilipoanzia, na pale kutakuwa kovu. Ba Kayna banageuzaka."

Kisha akafanya kitu ambacho sikukitazamia. Akamwambia Bijou ainuke, akaenda kukaa mwenyewe kwenye kona ya kushoto, na kupigapiga benchi kwa upande wa kuume.

"Kahindo, njo. Shika kona ile. Anza kule, kuya unikute."

"Na kushoto?" shangazi akauliza.

"Na kushoto ndiyo," mama akasema. "Ju ya nini nilimuweka mbele yangu miezi hii yote? Kando yangu alikuwa anaona kila kitu kinyume. Mbele yangu anaona sawa ndani ya kioo."

Hayo ndiyo maelezo yote aliyowahi kunipa. Acha niyamalizie mimi. Anayeshona lupango kwa mkono wa kuume huanzia kushoto na kwenda kuume. Wa kushoto huanzia kuume na kwenda kushoto. Ukimweka mtoto wa kushoto kando ya mwalimu wa kuume, kila anachokiona kinampinga mkono wake. Mweke mbele, na mkono wa mwalimu unakuwa kivuli cha mkono wake. Kwa hiyo ukiwa na mwanafunzi wa kushoto, usimfukuze wala usimpige. Hamisha kigoda tu. Na tafadhali, mwambie kwa nini unakihamisha.

Na jambo la pili: watu wawili wa kuume hawawezi kukutana katika ukingo mmoja. Mmoja humfuata mwingine. Ni wa kuume na wa kushoto tu wanaoweza kuanzia kona mbili na kuja wakielekeana. Katika nyumba ile yote, hakuna aliyeweza kwenda kumkuta mama isipokuwa mimi.

Tulishona siku zile zilizobaki, kila nilipotoka shuleni, tumekaa upande mmoja wa shuka, mbali kwanza kama watu wasiojuana, kisha karibu, kisha karibu zaidi. Bijou alikuwa amebaki bila kiti, akaenda kukaa kwenye kigoda changu, mbele yetu. Mara akaangua kicheko.

"Mama Masika! Kumbe ukishona unafanyaka mudomo sawa samaki!" Akabana midomo yake, akaitoa nje, akaivuta ndani kila alipovuta uzi wa hewani.

Masika alicheka hadi akaweka pasi chini. Mimi nilishangaa. "Wewe hukujua?"

"Nitajua wapi? Mimi naonaka paka mikono, mikono tu."

Alikaa kwenye kigoda hicho hadi mwisho, hata benchi lilipokuwa na nafasi, hata upepo ulipomfanya atetemeke. Nilifikiri anatucheka. Hakuwa anacheka tena. Alikuwa anamtazama mama usoni, kama mtu anayesoma.

Ijumaa, jua likiwa limeanza kulala nyuma ya mikaratusi, kiwiko cha kuume cha mama kiligonga kiwiko changu cha kushoto. Tulikuwa tumekutana. Sindano zetu ziligusana, zikalia kidogo. Paja lake lilikuwa limegusa langu, na kitenge chake kilikuwa juu ya magoti yangu, sijui tangu saa ngapi. Mama akakata uzi wake, akanishikia kitanzi chake cha mwisho wazi kwa ncha ya sindano, akasema, "Pita." Nikapitisha uzi wangu mle, nikafunga.

Kesho yake shangazi wa bwana-arusi, mwanamke mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliigeuza shuka mbele ya watu wote. Alipitia upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne alikawia. Kidole chake kilienda, kikarudi. Shangazi yetu akasogea karibu.

"Upande hii ni ya nani?"

"Ni ya mimi na huyu," mama akasema, akaniwekea kiganja kichwani.

"Mulikutana wapi?"

"Tafuta," mama akajibu.

Yule mwanamke akatafuta tena, kisha akacheka, akapiga vigelegele, na wa Kayna wote wakavipokea. Masika akaondoka na shuka yake.

Ningependa kusema kwamba wivu wangu uliishia hapo. Haukuishia. Baba yake Bijou alihamishwa kabla ya mvua kubwa, na siku ndege yao iliporuka kutoka Rughenda mbuzi walikimbia, watoto walipiga kelele, na mama, ambaye hakuwahi kuinua kichwa kwa ndege yoyote, aliinua kichwa. Aliitazama hadi ikawa nukta. Nilisimama kando yake nikahesabu kimya kimya mambo yote ambayo Bijou alipewa na mimi sikupewa.

Sasa mama hayupo. Nilimpa Bijou habari kwa simu, na jana alinitumia sauti kwenye WhatsApp, kwa Kiswahili chake kile kile cha kuokota.

"Kahindo, joto ya mukono yake juu ya yangu, hata leo naisikiaka. Nikishika sindano, iko pale. Lakini natafuta uso, uso haikuyi. Uso iko na weye. Nitumie photo."

Nilitafuta. Picha tulizo nazo ni za kanisani na za arusi, mama amesimama wima kama nguzo, midomo imefungwa. Hakuna hata moja yenye mdomo wa samaki. Huo ninao mimi peke yangu, kwa sababu niliwekwa kule. Lakini mkono wake juu ya mkono wangu, sindano ikiwa katikati, sikuupata hata siku moja. Mikono yetu haikuweza kulala hivyo. Niliposikia Bijou akisema neno joto, fufu lile la zamani lilinishuka tena tumboni bila mchuzi.

Basi tukaikunjua tena ile shuka. Masika alishika kona ya kushoto ya upande wa nne, mimi nikashika ya kuume. Uzi wa kijani umefifia hadi umekuwa kama majani makavu ya kahawa. Tulipapasa ukingo tukielekeana, miguu yote imesimama bado, hadi vidole vyetu vikagusana, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona mahali pa kukutania. Nilipiga picha pale katikati kwa kukisia. Nikamtumia Bijou, nikaandika: *Mahali fulani hapa, kiwiko chake kilinigonga.*

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini. Neno moja tu, lile nililomfundisha mwenyewe tukiteka maji.

*Wivu.*

Nikamjibu: *Mimi pia.*